Ziwa bila daftari



Wahenga walituachia neno fupi: mali bila daftari hupotea bila habari. Mama anayeuza unga sokoni Uvira analijua neno hilo, na mwenye duka wa Kalemie analijua vilevile. Asipoandika kilichoingia na kilichotoka, siku moja ataamka na kukuta mtaji umekwisha, wala hataweza kusema ulikwisha lini. Lakini mali kubwa kuliko zote tuliyopewa upande huu wa mashariki ya Congo, yaani Ziwa Tanganyika pamoja na mito inayoliingia na milima inayolizunguka, wengi wetu tunaitumia kila siku bila kuuliza daftari lake liko wapi, nani analiandika na limeandikwa nini.

Katika tafakari hii nataka kutetea wazo moja. Utafiti wa maji na ardhi yetu ni kazi inayotuhusu sisi wenyeji kabla haijamhusu mgeni yeyote. Kijana anayejifunza kupima, kuhesabu na kuandika kwa uaminifu analitumikia taifa lake sawa na yule anayejenga daraja au anayetibu wagonjwa.

Jambo hili si la darasani tu. Mwaka 2024, chini ya makubaliano ya nchi zinazopakana na ziwa, uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana na kukua. Kwa nyumba inayokula kutokana na mtumbwi, miezi mitatu ni muda mrefu. Ni karo ya shule, ni dawa ya mtoto, ni chakula cha jioni. Tunapoambiwa kwamba elimu ndiyo iliyodai sadaka hiyo, tuna wajibu wa kuijua elimu yenyewe.

Maneno mawili yanayosikika

Katika vikundi vyetu husikika maneno ya namna mbili. Wa kwanza wanasema: samaki ni wa Mungu, yeye aliyewaleta jana atawaleta na kesho, wataalamu wanatafuta tu njia ya kuwanyima maskini riziki. Wa pili wanasema: wataalamu wamekwisha sema, basi hakuna la kuuliza.

Maneno haya yanaonekana kupingana, kumbe ni ndugu. Wote wawili hawajafungua daftari. Wa kwanza analikataa kabla ya kulisoma, na wa pili analikubali kabla ya kulisoma. Wa kwanza anamtwika Mungu mzigo ambao Mungu aliuweka juu ya akili zetu. Wa pili anaigeuza elimu kuwa amri, ilhali elimu ya kweli huonyesha njia iliyopita na humruhusu kila mtu kuipita tena. Tusisahau kwamba Papa Fransisko, alipoandika Laudato Si' mwaka 2015, hakuanza na maonyo. Sura ya kwanza yote aliitenga ili aeleze hali ya dunia kadiri inavyojulikana kwa utafiti, juu ya hewa, maji na viumbe, kisha ndipo akaendelea kutafakari. Mpangilio huo ni fundisho: kwanza tuone, kisha tupime, ndipo tuamue.

Daftari la ziwa linasema nini

Tanganyika ni ziwa la pili duniani kwa kina, likiwa na mita 1,470 mahali pa kina kikubwa zaidi. Urefu wake unapita kilomita 650. Ni la zamani sana, umri wake huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka, na ndiyo maana lina samaki wa aina nyingi wasiopatikana mahali pengine popote. Wanafunzi wetu wanazijua namba hizi kwa kichwa na huzitaja vizuri siku ya mtihani. Ninachosikitika, kama mwalimu kwa mafunzo, ni kwamba wengi wao hawajawahi kutia kipimajoto ndani ya maji hayo ambayo wanayaona kila asubuhi.

Kwa kuwa jambo kubwa limefichwa humo. Maji ya Tanganyika hayachanganyiki yote pamoja. Juu kuna tabaka lenye joto na lenye hewa ya oksijeni. Upande wa kaskazini tabaka hilo hufika kama mita 100 kwenda chini, na upande wa kusini huzidi hapo. Chini yake kuna maji baridi zaidi, mazito zaidi, yasiyo na oksijeni, ambamo samaki hawezi kuishi. Kwa hiyo ndakala, mukeke na samaki wengine wote tunaowajua wanaishi katika ghorofa ya juu tu, takriban sehemu ya kumi ya kina cha ziwa.

Hata hivyo ghorofa ya chini si bure. Kila kinachokufa juu huzama na kuoza, na virutubisho vyake hukusanyika huko chini kama mbolea katika ghala. Wakati wa kiangazi, kuanzia mwezi wa tano hadi wa tisa, upepo mkali wa kusini-mashariki huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini. Kule kusini, maji ya chini hupanda kujaza nafasi, yakileta mbolea ile kwenye mwanga. Upepo unapotulia, ziwa zima huyumba taratibu kama maji ndani ya beseni lililosogezwa. Mbolea inapofika juu, mimea midogo isiyoonekana kwa macho huota, vidudu vidogo huila mimea hiyo, ndakala huwala vidudu, na mukeke humla ndakala. Mwisho wa mlolongo huo ni sahani yako.

Sasa, maji ya juu yakizidi kupata joto, huwa mepesi zaidi, na tofauti kati yake na maji ya chini huongezeka. Upepo uleule hauwezi tena kuyachanganya kama zamani. Ghala linajaa, lakini mlango wake unazidi kuwa mgumu kufunguka. Mwaka 2003 tafiti mbili zilionyesha kwamba jambo hili limekwisha anza: joto la ziwa limeongezeka, kuchanganyika kwa maji kumepungua, na uotaji wa mimea midogo ulikadiriwa kushuka kwa asilimia 20 hivi katika karne ya 20. Upungufu huo, wataalamu walisema, ungeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 wengine walichunguza tope la chini ya ziwa, ambalo hutua tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu, na wakaona kwamba joto la maji ya juu katika karne iliyopita halijawahi kufikiwa katika muda wa miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 utafiti mwingine wa tope hilo, uliohesabu mabaki ya samaki na konokono, ulionyesha kwamba samaki walianza kupungua pamoja na ongezeko la joto, kabla hata ya uvuvi mkubwa wa biashara kuanza katikati ya karne ya 20.

Kwa nini basi mvuvi akunje nyavu?

Hapa kijana mwenye akili atasimama na kuuliza: ikiwa joto ndilo lililoanza kuwapunguza samaki, kwa nini mvuvi aadhibiwe? Joto hilo limetoka zaidi katika viwanda na magari ya nchi za mbali. Mvuvi wa Fizi au wa Moba, mwenye mtumbwi na taa zake, amechangia nini?

Swali hilo ni la haki, na yeyote anayelikwepa hastahili kusikilizwa. Jibu langu ni hili. Ukame ukipiga shamba, baba wa familia hakuuleta ukame huo. Lakini akiona ghala limepungua na bado anapakua chakula kilekile cha siku zote, njaa itakayofuata itakuwa na sehemu yake. Hatuwezi kuuamuru upepo wala kuyapoza maji. Tunachoweza kuamua ni kiasi tunachochukua, na wakati tunapokichukua. Kadiri ziwa linavyozaa kidogo, ndivyo nyavu zilezile zinavyozidi kuwa nyingi mno.

Maumbile ya samaki wenyewe yanatia nguvu hoja hii. Ndakala ana maisha mafupi, takriban mwaka mmoja tu, na huanza kuzaa akiwa na miezi michache. Kwa kiumbe kama huyo, mapumziko ya miezi mitatu ni sehemu kubwa ya uhai wake wote. Akiachwa, anaweza kuongezeka upesi. Mukeke huishi miaka kadhaa, kwa hiyo faida yake itachelewa kuonekana. Anayetazamia kujaza mtumbwi kwa mukeke asubuhi ya tarehe 16 Agosti hajaelezwa vizuri, na akikata tamaa si kosa lake.

Basi naunga mkono kulipumzisha ziwa, lakini kwa masharti mawili ambayo sioni sababu ya kuyaficha.

La kwanza ni haki. Sadaka ikidaiwa kwa ajili ya wote, isibebwe na mmoja. Anayekunja nyavu zake kwa miezi mitatu apate mahali pa kushika: kazi nyingine, mkopo usiomnyonga, chakula kwa watoto. Sheria inayomwacha maskini achague kati ya njaa na wizi wa usiku itavunjwa, na atakayelaumiwa ni yeye. Tena sheria iwe moja kwa wote. Nyavu za matundu madogo, vyandarua vya mbu vinavyokokotwa ufukoni na kuzoa watoto wa samaki, vikatazwe mwaka mzima na si katika miezi mitatu tu. Kuzuia mtumbwi wa mwenye haki na kumpisha mwenye fedha ni kuua sheria kwa mkono uleule ulioiandika.

La pili ni hesabu. Kufunga ziwa ni jaribio, na jaribio lisilopimwa halifundishi kitu. Ni lazima mavuno yahesabiwe kabla ya kufunga, na yahesabiwe baada ya kufungua, mwalo kwa mwalo, mwaka kwa mwaka. Wala haitoshi kuhesabu mabeseni yaliyofika sokoni, kwa maana mabeseni hudanganya. Mabeseni mia ya leo yanaweza kuwa sawa na mia ya zamani, kumbe zamani yaliletwa na mitumbwi kumi iliyovua karibu, na leo yameletwa na mitumbwi thelathini iliyokesha mbali. Kinachosema kweli ni mavuno ya kila mtumbwi kwa kila usiku. Bila namba hiyo, wanaosema kufunga kumesaidia na wanaosema hakukusaidia watapigana kwa maneno mpaka samaki wa mwisho.

Nguvu ya daftari dogo

Huenda mnadhani utafiti ni mambo ya vyombo vya gharama na majina makubwa. Nitawapa mfano wa hapa hapa Uvira, unaoonyesha kinyume.

Mji wa Uvira umeteswa na kipindupindu kwa muda mrefu. Watafiti kutoka London pamoja na wenzao Wakongomani walitaka kujua uhusiano kati ya ugonjwa huo na maji ya bomba. Walichukua kumbukumbu za aina mbili, za tangu 2009 hadi 2014. Ya kwanza ni ya wagonjwa waliopokelewa katika kituo cha kutibu kipindupindu. Ya pili ni ya kiasi cha maji kilichozalishwa kila siku kwa ajili ya mji. Waliziweka pamoja na kuzilinganisha siku kwa siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2015: katika muda wa siku 12 baada ya siku ambayo bomba halikutoa maji, waliolazwa kwa dalili za kipindupindu walikuwa zaidi ya mara mbili ya wale waliofuata siku za maji ya kutosha.

Fikirini maana yake. Watu walikuwa wakisema tangu zamani kwamba bomba likikauka, mama anarudi ziwani na ndoo, na ugonjwa unarudi naye. Lakini neno la mtaani, hata likiwa la kweli, halimlazimishi mkubwa yeyote kutoa fedha. Namba zilizoandikwa zinamlazimisha, au angalau zinamwondolea kisingizio cha kusema hakujua. Na nani aliyeziandika namba hizo? Ni muuguzi aliyejaza jina, umri na mtaa wa kila mgonjwa, hata usiku, hata alipochoka. Ni fundi aliyesoma kipimo cha maji na kukiandika siku za furaha na siku za hofu. Hawakujua kwamba miaka baadaye kurasa zao zingesomwa na dunia. Walitenda kazi yao kwa uaminifu tu. Laiti wangeandika namba za kubuni ili wamalize upesi, utafiti wote ungekuwa uongo uliovaa koti jeupe.

Vijana, hapa ndipo elimu na maadili vinapokutana. Kipimo cha uongo ni uongo, hata kama hakuna aliyekuona. Na kurasa tupu nazo zina gharama. Kila vita vinapopita katika nchi yetu, watu hukimbia, vyombo huibwa, na daftari hubaki na miaka isiyoandikwa. Miaka hiyo hairudi. Hakuna pesa itakayonunua kipimo cha mvua ambayo haikupimwa.

Milima inayoshuka ziwani

Hatuwezi kusema juu ya maji tukaacha ardhi. Uvira imekaa katika ukanda mwembamba kati ya ziwa na milima ya Mitumba, na mito yake, Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira, hushuka kwa kasi kutoka juu. Mwezi wa nne mwaka 2020 mvua kubwa iliigeuza mito hiyo kuwa mauti. Watu wengi walikufa, na maelfu walipoteza nyumba zao. Mwaka 2023, mwezi wa tano, ndugu zetu wa Kalehe, kwenye Ziwa Kivu, walipatwa na msiba mkubwa zaidi. Vijiji vya Bushushu na Nyamukubi vilizolewa na maji na matope, na maiti zaidi ya 400 zilipatikana, mbali na wale ambao hawakuonekana tena.

Mlima uliovuliwa miti hauwezi kuipokea mvua polepole. Maji hukimbia juu ya udongo, huuchukua, na mto unaofika chini si maji tena bali uji wa mawe na matope. Udongo uliotoka shambani huishia ziwani. Huko nako unaleta hasara ya pili: tope hufunika mawe ya kando ya ziwa ambamo samaki wengi hujificha, hula na kuzaa. Tangu miaka ya 1990 watafiti walionyesha kwamba mahali ambapo matope ya milima iliyokatwa miti huingia kwa wingi, aina za viumbe ni chache kuliko mahali ambapo milima bado imefunikwa. Kwa hiyo mkulima wa juu na mvuvi wa chini, ambao pengine hawajawahi kukutana, wanakula katika chungu kimoja.

Na ziwa lenyewe hupanda na kushuka. Lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga karibu na Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kugeuka mvuke. Mvua zikizidi miaka mfululizo, maji hayana njia ya kukimbilia. Ndivyo ilivyokuwa miaka ya 1960, na ndivyo ilivyokuwa tena mwaka 2021 na 2024, maji yalipoingia mitaani Uvira, Kalemie na hata Bujumbura. Wengine waliona laana, wengine waliona uchawi. Lakini kiwango cha ziwa kimepimwa na kuandikwa tangu mwanzo wa karne ya 20, na vipimo hivyo vinaonyesha kwamba sehemu za ufuko tulizozikuta kavu zimewahi kufunikwa. Daftari lilikuwapo, ila halikusomwa wakati wa kugawa viwanja. Nyumba zikajengwa pale ambapo ziwa lilikuwa limekwenda safari tu, likiwa na nia ya kurudi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone

Ziwa letu limechunguzwa sana. Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walifanya safari kubwa ya uchunguzi, wakapima kina na kuandika majina ya samaki. Baada yao wamekuja wengine kutoka Ulaya, Marekani na kwingineko. Uvira ina kituo chake cha taifa cha utafiti wa viumbe vya majini, na huko wamo Wakongomani waliovumilia kazi hiyo katika miaka migumu bila vifaa vya kutosha. Wanastahili heshima yetu kuliko tunavyowapa.

Siwapingi wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini kupona huko kunadai jambo moja: matokeo yarudi. Mara nyingi mtafiti huja, huuliza wazee maswali, hupanda mtumbwi wa kijana wetu, huchukua chupa za maji na tope, kisha huondoka. Miaka miwili baadaye kinatoka kitabu katika lugha ambayo mzee yule haisomi. Mvuvi aliyemwonyesha mahali pa kutosa kipimo anasikia matokeo siku askari anapokuja kumwambia ziwa limefungwa. Je, tushangae akiichukia elimu?

Naomba basi, na ninyi mwombe pamoja nami popote mnaposikilizwa: kila utafiti unaofanyika katika maji na ardhi yetu urudishe muhtasari kwa Kiswahili chepesi, kurasa mbili au tatu, usomwe mwaloni, shuleni na katika jumuiya ndogo ndogo. Na wale wanaobeba vyombo na kutafsiri maswali wasibaki wabebaji milele. Wafundishwe, waandikwe majina, wapelekwe shule.

Kijana afanye nini?

Sitawaagiza mambo makubwa. Haba na haba hujaza kibaba.

Anzeni na mvua. Chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikikatwa juu na kile kichwa kugeuzwa kiwe mrija, inatosha kuwa kipimamvua. Jaza kokoto na maji kidogo chini mpaka mahali pasipo na mikunjo, weka alama ya sifuri, bandika rula. Iwekeni mahali pa wazi, mbali na mti na paa. Kila asubuhi, saa ileile, mmoja wenu asome milimita zilizoongezeka, aandike tarehe na namba, kisha ayarudishe maji kwenye sifuri. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo mvua ya milimita 10 juu ya paa lenye mita za mraba 40 ni lita 400, mapipa mawili, ambayo yangeweza kunywesha familia kuliko kubomoa njia. Baada ya mwaka mmoja mtakuwa na kitu ambacho mitaa mingi haina. Baada ya miaka kumi, mtaweza kumwambia mzee na waziri kwa ushahidi kama mvua imebadilika au la.

Walio karibu na mwalo wanaweza kuandika mitumbwi iliyotoka, usiku uliovuliwa, na mabeseni yaliyorudi, kwa idhini ya wavuvi wenyewe. Walio karibu na mto wanaweza kupaka rangi alama kwenye nguzo ya daraja na kuandika maji yalipofika. Wenye vipaji vya hesabu, kemia na biolojia wasione haya kuchagua masomo hayo. Taifa lenye ziwa kama hili halipaswi kuazima milele watu wa kulielewa.

Mtu atasema: namba hazijazi tumbo. Kweli, hazijazi leo. Lakini jirani yako aliyejenga pale ambapo ziwa lingerudi, mama aliyechota ndoo ya kipindupindu, mvuvi aliyefungiwa bila kuelezwa, wote walipungukiwa na kitu kilekile: habari iliyoandikwa kwa wakati na kufikishwa kwa mwenye kuihitaji. Ziwa litaendelea kupanda na kushuka, kupata joto, kutoa na kunyima, tukiliandika au tusipoliandika. Tofauti ni kama litatukuta tumeketi gizani, au tumewasha taa na daftari liko wazi mezani.

Maswali kwa ajili ya kikundi

1. Katika mtaa wetu, ni jambo gani juu ya maji au ardhi ambalo kila mtu analisema lakini hakuna aliyelipima?

2. Tunawajua akina nani katika parokia yetu wanaoishi kwa uvuvi? Wao wenyewe wanasema nini juu ya kufungwa kwa ziwa, na sisi tunaweza kuwasaidiaje katika miezi hiyo?

3. Nani kati yetu yuko tayari kusoma kipimamvua kila asubuhi kwa mwaka mzima, na nani atamrithi akiugua au akisafiri?

4. Je, tumewahi kuandika namba ambayo hatukuipima, shuleni au kazini? Ni nani angeweza kuumizwa nayo?